Mkia wa Wimbi

Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na siri ya Griffin ilijulikana na simu yake tu. Tangu Alhamisi saa nane mchana alikuwa nayo mfukoni, na kila alipoigusa alijiona kama mtu aliyeiba sadaka. Hakuwa ameiba kitu. Alikuwa ameona tu. Lakini wewe msomaji unajua, kuna kuona kwingine mtu huomba bora angekuwa amelala.

Alikuwa juu ya paa la shule moja huko Gurei, akifunga paneli za sola, jua la Juba likimkaanga shingo, pale Charity alipomtumia picha sita kutoka kwenye kompyuta yake na maneno mawili chini yake: "Sifuri tena." Griffin aliketi kwenye kivuli cha tangi la maji akazifungua moja moja, akizikuza kwa vidole viwili. Hakuwa msomi wa mambo hayo. Yeye ni fundi wa sola kutoka Malava, Kenya, mwaka wake wa tatu Juba. Lakini fundi wa sola ana jicho moja baya: huona kingo. Anajua kivuli kinaanzia wapi na waya umekatwa wapi. Na katika picha ya sita aliona kitu ambacho Charity, pamoja na digrii zake mbili, hakuwa amekiona kwa miezi minne.

Akairudisha simu mfukoni akaendelea kukaza nati. Hakumwambia mtu.

Sasa tuelewane hapa, maana bila hili utamwona Griffin mtu mbaya bure. Charity alikuwa binti wa Kajo-Keji aliyekulia kambini Uganda, akasoma fizikia Kampala, kisha akarudi Juba kufundisha. Kazi ya moyo wake ilikuwa leza. Griffin aliikariri kazi hiyo kama sala, kwa jinsi alivyokuwa akielezwa. Unapiga mwanga wa leza, mpigo mfupi ajabu, ndani ya gesi. Gesi inachanguka, elektroni zinaachana na atomi zao, na hiyo ndiyo plazma. Mwanga unapopita huzisukuma elektroni pembeni, nazo hurudi mbio kuziba pengo, na hapo nyuma ya mwanga linazaliwa wimbi. Elektroni ikiweza kudandia wimbi lile mahali panapofaa, itasukumwa mpaka ipate, ndani ya milimita chache tu, nguvu ambayo mitambo ya kawaida huitafuta kwa mita na mita za mabomba.

Shida ni kudandia. Wimbi lina mbio kama mwanga wenyewe, na elektroni iliyosimama huachwa. Charity alikuwa na njia yake: gesi iwe nzito mwanzoni, halafu ipungue ghafla. Inapopungua, wimbi hurefuka, mkia wake huchelewa kidogo, na elektroni zilizo karibu hupata nafasi ya kurukia. Hakuwa na leza, bwana, nani ana leza ya namna hiyo Juba? Alikuwa na kompyuta moja ya mezani nyumbani kwa mama yake, mtaa wa Atlabara, na betri mbili ambazo Griffin mwenyewe alimfungia. Ndivyo walivyojuana. Ndani ya kompyuta hiyo alikuwa anajaribu kila kitu kwa hesabu, na kila mara jibu lilikuwa moja. Elektroni zilizodandia, sifuri.

Maabara moja ya Ulaya ilikuwa imemwekea nafasi ya miaka minne, kwa sharti kwamba aonyeshe njia yake inafanya kazi. Mwisho Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Na mjomba wake Yafesi, ndugu wa mama yake na mwenye neno katika nyumba ile tangu baba alipofariki, alikuwa ameweka sharti lake: wazee wa Griffin wanaweza kuja Jumamosi kuposa, lakini tu kama Charity hasafiri. Alisema nyumba yake haifungulii mlango wachumba huku binti ana tiketi mfukoni, ni kuwadhihaki watu. Ijumaa jioni hiyohiyo atapiga simu apewe jibu.

Umeona sasa? Kompyuta ikisema sifuri, Charity anabaki na Griffin anaoa. Kilichotakiwa kwa Griffin kilikuwa kunyamaza tu. Si kusema uongo, kunyamaza.

Ijumaa alfajiri alikuwa amekaa kitandani katika chumba chake cha kupanga hukohuko Gurei, akiwa amevaa shati lakini bila hamu ya kutoka. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, sufuria moja, chupa ya chai, kijiko kimoja na vikombe viwili. Kikombe cha pili alikinunua soko la Gurei siku ile alipojua kwamba anampenda Charity. Karatasi ya dukani ilikuwa bado imebandikwa chini yake, kwa sababu mama wa Charity hakuruhusu binti yake akanyage chumba cha mwanamume kabla ya wazee kuonana. Miaka mitatu Griffin alikuwa anapika chakula cha mtu mmoja, na bado hakuwa amejua kipimo. Ugali ulikuwa unabaki kila siku.

Saa moja asubuhi Douglas, kaka yake mkubwa, alipiga simu. Yeye na baba yao mdogo walikuwa wamesafiri tangu jana, sasa wako kwenye foleni mpakani, upande wa Uganda, na jioni wangekuwa Juba. Alilalamika kwamba suti ya baba mdogo imejikunja ndani ya begi mpaka inafanana na kabichi, na akauliza kama huko kuna mtu wa kupiga pasi, maana hawezi kumpeleka mzee mbele za wakwe hivyo. Griffin alicheka. Alicheka vizuri kabisa. Halafu kicheko kikamkauka mdomoni, akakaa na simu sikioni muda mrefu baada ya Douglas kukata.

Saa nne alikuwa Atlabara, betri mpya kilo ishirini na kitu imefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda.

Mlangoni alimkuta Mama Betty, mama wa Charity, akichambua mchicha. Mama huyu hakuwa na ubaya na mtu, ila alikuwa amekimbia vita mara mbili katika maisha yake, na mtu wa mkataba wa miezi sita sita hakumtia imani. Tangu siku ya kwanza alimwita Griffin jina moja tu.

"Mtu ya Kenya," alisema bila kuinua kichwa. "Wazee bado. Ni kesho."

"Najua, Mama. Nimemletea Charity betri."

"Betri ya nini? Ile kazi imekufa. Jana amelia mpaka macho imevimba." Akatupa shina la mchicha. "Mungu akifunga mlango, watu wanashukuru tu, sakit. Sasa wewe unataka nini tena?"

Griffin aliomba njia akapita, betri begani.

Charity alikuwa ameketi mbele ya kompyuta iliyozimwa. Alikuwa amevaa kitenge cha nyumbani, nywele hazijachanwa, na alipogeuka na kumwona, uso wake ulilegea kwa namna iliyomchoma Griffin kuliko tusi. Alimpenda, yule binti. Mapenzi ni kikohozi, na asubuhi ile hata hakujaribu kukizuia. Alisema alikuwa akifikiria kesho avae nini, kwamba labda ndiyo amepangiwa hivyo, kwamba si wote wanaopata vyote. Aliyasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayefundisha ulimi wake lugha mpya.

Griffin aliweka betri chini. "Washa mashine. Fungua picha ya kwanza na ya sita, uziweke pamoja."

"Griffin, wacha. Khalas. Imeisha."

"Washa tu, Charity. Nakuomba."

Akawasha. Picha zikatokea bega kwa bega. Griffin aliinama akaweka kidole kwenye ile ya kwanza, pale wimbi lilipochorwa kama yai, zima, duara mbele na duara nyuma. Halafu akasogeza kidole mpaka kwenye ile ya sita.

"Hapa yai halina nyuma. Limefika ukingoni likakatwa. Huko nyuma kuna nini?"

"Hakuna kitu. Dirisha inaishia hapo."

Kompyuta, Charity alishamweleza zamani, haiwezi kuhesabu gesi yote kwa mara moja. Inahesabu kipande tu, dirisha linalosafiri na mwanga. Kinachoachwa nyuma ya dirisha kinafutwa, kwa mashine hakipo tena duniani.

"Nani alipima urefu wa dirisha?" Griffin aliuliza.

"Mimi. Nilipunguza, iwe sawa na wimbi, isipite. Betri yako ilikuwa inatoa saa mbili, kazi ilikuwa lazima iishe kabla..."

Hakumaliza. Griffin aliona shingo yake ikinyooka. Alikuwa amepima dirisha kwa wimbi la mwanzoni, pale gesi ilipo nzito na wimbi ni fupi. Lakini njia yake yote ilikuwa kulifanya wimbi lirefuke! Na linaporefuka, mkia wake, palepale elektroni zinapodandia, unatoka nje ya dirisha. Miezi minne.

"Nilikata," alisema polepole. "Mama alitufundisha hivyo, wakati tunakimbia vita. Chukua ile ya kutosha mkono, ile ya nyuma usiangalie. Mimi nakata kila kitu, Griffin. Hata nguo nakata pindo. Nimekata na hii."

Vidole vyake vilikuwa tayari kwenye vitufe. Alilipanua dirisha karibu mara mbili. Kazi ingechukua saa nne badala ya mbili, na betri za zamani zisingefika. Griffin alikuwa ameshapiga magoti kwenye inverta inayogeuza umeme wa betri, akiunganisha ile betri mpya. Saa tano kasoro dakika kumi mashine ilianza kuvuma. Hapo ndipo Charity aligeuka kwenye kiti.

"Uliona lini hii?"

Angeweza kusema sasa hivi, au njiani, au alfajiri. Nani angejua? Alikaza skrubu ya mwisho, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Jana. Saa nane mchana."

Mashine ilivuma. Kuku wa jirani alipita mlangoni, akachungulia, akaenda zake.

"Jana saa kumi na mbili nilikupigia," Charity alisema. "Nililia. Wewe ulisema pole."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Douglas alikuwa ameshapanda basi. Kwa sababu nakupenda. Kwa sababu nimechoka kula peke yangu, Charity. Sina sababu nzuri kuliko hiyo."

Alidhani atampigia kelele. Afadhali angepiga. Charity alimtazama tu, na machozi yakamjaa bila kudondoka.

"Unafikiri ni wewe peke yako umechoka?" alisema. "Mimi hii kazi naongea na ukuta. Darasani wanafunzi wanataka mtihani. Mama anaona ni uchawi ya umeme. Huko Ulaya wananijua kwa barua tu. Dunia nzima ni wewe umeniuliza, hii mambo ikoje, nieleze. Ni wewe tu. Sasa na wewe unanificha."

Akageukia kioo cha kompyuta, na hakugeuka tena. Griffin alitoka nje akaketi juu ya jerikani lililofudikizwa, mgongo ukutani, mahali ambapo angesikia mashine ikivuma. Kama ingezima angesikia. Saa zilipita. Alikuwa hatua nne kutoka kwa mwanamke aliyempenda, na hakuwa amewahi kuwa mbali na mtu namna ile, hata usiku ule wa kwanza alipofika Juba bila kumjua yeyote. Douglas alituma ujumbe kwamba wamevuka mpaka wa Nimule, barabara ni nzuri, na baba mdogo anauliza kama wakwe wanakunywa soda au chai. Griffin aliusoma mara tatu.

Saa nane na nusu Charity alikuja kusimama mlangoni.

"Nataka kujua kitu moja. Ungenyamaza mpaka jioni, ungenioa. Kwa nini ulikuja?"

Griffin aliwaza. "Asubuhi Douglas alinichekesha na suti ya mzee. Nikacheka. Halafu nikatuona baada ya miaka kumi, mimi na wewe, tumekaa tunacheka hivyohivyo, na mimi najua, na wewe hujui. Nikaona nitakuwa peke yangu zaidi ya sasa. Na wewe uko ndani ya nyumba."

Charity aliketi chini kwenye kizingiti, karibu na jerikani. Hakusema amemsamehe. Baada ya muda aliweka mkono wake juu ya goti la Griffin na kuuacha pale, na hivyo ndivyo walivyokaa mpaka mvumo wa ndani ulipobadilika. Kazi ilikuwa imekwisha.

Picha ya sita ilifunguka polepole kutoka juu. Wimbi lilikuwa refu, yai zima lenye nyuma yake. Na pale nyuma, ndani ya mkia, kulikuwa na kundi dogo jekundu, limebanana, linaufuata mwanga. Charity alifungua mchoro mwingine, ule wa nguvu. Miezi minne ulikuwa mstari mtupu. Sasa katikati yake kulikuwa na mlima mmoja, mwembamba, umesimama peke yake mahali pa juu kabisa, juu kuliko alipopatarajia.

"Walikuwa hapa," alinong'ona. "Kila siku walikuwa hapa. Mimi ndiyo nilikuwa nawatupa."

Akaanguka begani kwa Griffin, akalia kilio ambacho hata yeye hakujua ni cha furaha au cha nini. Griffin alimshika. Alinusa mafuta ya nazi katika nywele zake, na akajilazimisha kukumbuka kila kitu. Moyo ulimuuma. Usiamini wanaosema moyo hauumi kwa kweli. Wake uliuma upande wa kushoto, chini ya mfuko wa shati, kama jino.

Barua pepe ya kwenda maabara iliondoka saa kumi na robo. Saa kumi na nusu jibu lilikuwa limefika, mistari mitatu, ya pongezi na tarehe. Mama Betty aliitwa akaonyeshwa kundi jekundu. Hakuelewa kitu, ila alielewa tarehe. Alitazama betri mpya chini ya meza, akamtazama aliyeileta. Kisha alienda jikoni, akarudi na sahani ya asida, ugali wa kwao, na mchicha wa karanga, akaiweka mbele ya Griffin kwa mikono miwili.

"Kula, mwanangu," alisema. "Tangu asubuhi hujala."

Mwanangu! Miezi ishirini alikuwa amelingoja neno hilo, na leo limemjia kama zawadi ya msibani. Alilishukuru. Alikula, kila tonge likipita kwa shida.

Saa kumi na moja kamili simu ya Charity ililia. Mjomba Yafesi. Charity aliipokea, akasalimia, akaulizwa, na hapo sauti ikamkataa. Griffin alinyoosha mkono.

Mama Betty alishtuka. Kwao mchumba hasemi na wajomba wa binti mpaka wazee wake wawe wamefungua kinywa. Kusema mwenyewe ni kama kuingia nyumba ya watu kupitia dirishani. Griffin alilijua hilo. Lakini Charity akisema yeye, ingeonekana binti ndiye aliyewakataa wageni, na lawama hiyo ingemfuata mpaka Ulaya.

"Mjomba, shikamoo. Ni Griffin."

Sauti nzito ikauliza: "Wazee wako wako wapi hata unasema wewe?"

"Wako njiani, Mjomba. Wamepita Nimule. Ndiyo maana nasema mimi, wasije wakapata aibu mbele yako. Kesho hatuji. Charity amepata nafasi yake, anasafiri. Kosa la kuita watu mapema ni langu."

"Umefanya vibaya kuniambia wewe," mzee alisema. "Lakini umeniambia. Hilo nimelisikia." Na akakata.

Charity alimsindikiza mpaka getini. Jua lilikuwa limeshuka, vumbi la barabara limekuwa la dhahabu, na wote wawili walikuwa wanaangalia chini.

"Siwezi kukuambia ningoje," Charity alisema. "Ni miaka minne. Itakuwa ni kukuonea."

"Hujaniambia."

"Nakupenda, Griffin. Ujue tu. Hata nikikasirika, hata nikiwa huko, ujue."

Alitaka kusema mengi. Alisema, "Betri usiizime ghafla. Zima mashine kwanza, halafu inverta." Charity alitikisa kichwa kwamba amesikia, machozi yakimtiririka, na bodaboda ikaja.

Saa moja na nusu Douglas na baba mdogo waligonga mlango wa chumba cha Gurei, wamejaa vumbi, begi la suti mkononi. Griffin aliwaambia yote wakiwa bado wamesimama, kwa sababu aliogopa kwamba wakiketi hataweza. Baba mdogo alivua kofia. Alimshika Griffin begani kisha akaenda kukaa kitandani, mzee mzima, miguu imevimba kwa safari ya siku mbili.

Griffin alichemsha chai. Ya mzee aliimimina katika kikombe chake cha kila siku. Ya Douglas aliimimina katika mfuniko wa chupa ya chai, na yeye mwenyewe akabaki na sufuria. Douglas alitazama mfuniko, akatazama rafuni, pale kikombe cha pili kilipokaa na karatasi yake ya dukani.

"Na hicho je?" aliuliza. "Kimetoboka?"

"Hicho kina mwenyewe," Griffin alisema, akamsogezea sukari.